Uzoefu wangu na Quad9: kichujio cha bure cha tovuti hatari ofisini

Kama unatafuta kitu cha kuzuia tovuti hatari kwenye kompyuta za ofisi na bajeti yenyewe ni sufuri, anza na Quad9. Naitumia kwenye ofisi ndogo ya uhasibu hapa katikati ya jiji, ambako mimi ndiye "mtu wa kompyuta" kwa kuwa hakuna mwingine anayeitaka kazi hiyo. Nimeridhika nayo. Ila ina tabia moja ambayo usipoijua mapema, wenzako watakununia bure.

Inavyofanya kazi ni hivi. Ukiandika anwani ya tovuti, kompyuta huuliza seva ya DNS jina hilo lina namba gani, ndipo iende. Kwa kawaida seva hiyo ni ya kampuni inayokuuzia intaneti, nayo hujibu lolote inaloulizwa. Quad9 hulipitisha jina kwanza kwenye orodha ya tovuti zinazojulikana kusambaza virusi au kuiba nywila. Likiwemo, inajibu kwamba jina hilo halipo, na kivinjari kinakosa pa kwenda. Huduma ilizinduliwa 2017 na IBM, Packet Clearing House na Global Cyber Alliance, na tangu 2021 makao yake ni Uswisi, ikiendeshwa kama wakfu usiotafuta faida. Hulipi, hujisajili.

Kwetu mwezi wa hofu ni Juni. Tarehe 30 ndiyo mwisho wa watu binafsi kuwasilisha ritani za kodi KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, na siku za mwisho ofisi yetu huwa kama steji ya matatu saa kumi na mbili jioni mvua ikinyesha. Wezi wanaujua msimu huo kuliko sisi. Barua pepe inaingia: ritani yako ina tatizo, bofya hapa urekebishe kabla ya faini. Nembo ipo, jina la iTax, mfumo wa KRA wa kuwasilisha ritani mtandaoni, lipo, hata kile kikufuli cha kwenye kivinjari kipo. Kikufuli hakikuambii mwenye tovuti ni mtu mwema. Cheti chake hupatikana bure kwa dakika chache, na mwizi anakichukua kama mtu mwingine yeyote. Tovuti ya kweli ni itax.kra.go.ke, na cha kukagua ni ule mkia wa kra.go.ke, kwa sababu kabla ya mkia mtu anaweza kuandika maneno matamu ayatakayo. Lakini nani anasoma mikia akiwa na foleni ya wateja mlangoni?

Kuiweka ni kazi ya chai moja. Unaingia kwenye ruta, unatafuta sehemu ya DNS, unaandika 9.9.9.9 ya kwanza na 149.112.112.112 ya pili. Usichanganye, yaani usiweke Quad9 juu na 8.8.8.8 ya Google chini "kama spea". Kompyuta ina uhuru wa kuuliza yoyote kati ya hizo mbili, kwa hiyo utakuwa umefunga mlango na kuacha dirisha wazi. Ruta nyingine zinazokuja na intaneti zimefungwa sehemu hiyo. Hapo itabidi upite kompyuta moja moja. Laptopu zinazobebwa kwenda nyumbani zinahitaji hivyo hivyo, maana ruta ya ofisi haiwafuati watu hadi Rongai.

Sasa ile tabia. Quad9 inazuia kimyakimya. Hakuna ukurasa mwekundu wala onyo. Kivinjari kinasema tu tovuti haipatikani, na mtu wa kawaida anajua maana yake ni moja: mtandao umepotea. Mhasibu wetu mmoja, mama asiye na mchezo na muda wake, alikuwa akifungua tovuti ya mteja wetu kutafuta bei fulani. Ikagoma. Akaijaribu kwa simu, kwa data yake mwenyewe, ikafunguka. "Wewe kijana, hii mitambo yako inatuzuia kufanya kazi," akaniambia mbele ya watu wote.

Nikafungua lile dirisha jeusi la amri, nikaandika nslookup (amri ya kuiuliza DNS), jina la tovuti, kisha 9.9.9.9. Jibu: haipo. Nikarudia kwa 9.9.9.10, ambayo ni ya Quad9 hao hao ila haichuji kitu. Namba ikatoka. Ina maana tovuti iko hai, na imezuiwa makusudi. Tulipompigia mteja, naye akamtafuta aliyemtengenezea, ikabainika tovuti imevamiwa: baadhi ya wageni walikuwa wanaletewa tangazo la kusasisha kivinjari, na ukibofya unapakua uchafu. Mama hakuniomba radhi, na sikutarajia, lakini siku hizi tovuti ikigoma ananiita kwanza kabla ya kuitoa simu. Hiyo mbinu ya namba mbili ndiyo ningemfundisha kila anayesimamia ofisi yenye Quad9.

Bosi yeye alipoisikia "kuzuia tovuti" macho yakamng'aa. "Na hizi za kubeti?" Hapana, mzee. Quad9 haichagui maadili, inazuia hatari tu. Anayetaka kufunga kamari au TikTok anunue huduma ya kulipia yenye makundi ya tovuti na ripoti za nani kafungua nini. Binafsi sizitamani hizo ripoti. Sikuajiriwa kuwachungulia wenzangu.

Yapo inayoyapitisha. Fomu ya wizi iliyotengenezwa ndani ya Google Forms itafunguka, kwa sababu jina ni la Google na haliwezi kuzuiwa lote. Flashi iliyotoka saiba haipiti kwenye DNS. Tovuti iliyozaliwa asubuhi hii huenda bado haijafika kwenye orodha. Kwa hiyo antivairasi yetu iko palepale, na hakuna anayetumia akaunti ya msimamizi kwa kazi za kila siku. Pia angalia vivinjari: Chrome na Firefox vinaweza kutumia DNS yao ya siri na kuiruka ruta yako kabisa. Nimeizima kwenye kila kompyuta.

Kuhakikisha inafanya kazi, fungua on.quad9.net, ukurasa unakuambia ndiyo au hapana, hakuna zaidi. Fanya hivyo hasa fundi wa intaneti akija kubadilisha ruta, kwa kuwa ruta mpya inakuja na DNS za kampuni yake. Mwambie asubiri kidogo, ukague kabla hajashuka ngazi.