Uzoefu wangu wa kubadilisha beringi ya gurudumu la nyuma kwenye Vitz

Gari langu ni Toyota Vitz ya mwaka 2007, ile yenye injini ya silinda tatu ya cc 996, breki za diski mbele na za dramu nyuma. Siku za kazi ninatoka nalo Kibaha hadi Kariakoo na kurudi, na nimekuwa nalo kwa miaka sita. Ninaandika haya baada ya kutumia kwa miezi kumi habu mpya ya chapa ya KOYO (kitovu cha gurudumu chenye beringi ndani yake) kwenye gurudumu la nyuma upande wa kushoto, kwa sababu fedha nilizopoteza kabla ya kuifikia zilizidi bei ya habu yenyewe, na ninajua wenye magari madogo wengi wanapitishwa njia hiyohiyo.

Aliyenishtua kwanza ni mwanangu anayekaa kiti cha nyuma. Aliniambia, "Mama, gari linanguruma huku kwangu." Mimi niliyekuwa mbele nilikuwa bado nadhani ni lami. Baada ya wiki mbili niliusikia mwenyewe: mvumo mzito ulioanza mwendo wa kilomita 60 kwa saa, ukapanda pamoja na mwendo, na nikifika 80 pale kwenye njia nane za Kimara hadi Kibaha ilinibidi nipaze sauti ili mtu aliye pembeni yangu anisikie. Nilipoondoa mguu kwenye mafuta mvumo haukukatika, na nilipotoa gia gari likiwa linaserereka uliendelea vilevile, kwa hiyo injini haikuhusika.

Muuza matairi mmoja aliyatazama matairi ya nyuma, akasema yameliwa vibaya na ndiyo yanayovuma, nami nikanunua mapya mawili ya 165/70R14. Kwa haki yake, tairi lililoliwa kwa mawimbi huvuma karibu sawa na beringi mbovu, na sikio pekee linaweza kudanganyika. Hata hivyo kulikuwa na kipimo kisicho na gharama ambacho hakuna aliyeniambia: kuhamisha matairi ya nyuma kwenda mbele na ya mbele kuja nyuma, kisha kusikiliza. Kama ni tairi, sauti itahama nalo. Yangu ingebaki palepale, kwa sababu hata nilipofunga yale mapya haikupungua.

Baada ya hapo nilikwenda gereji moja ambayo sitaitaja jina. Waligundua sawasawa kwamba tatizo ni beringi ya nyuma kushoto, lakini wakanishawishi kwamba haina haja ya kubadilishwa, itafunguliwa na kujazwa grisi kwa shilingi 25,000. Sauti ilipungua kwa siku kumi na mbili. Ilirudi ikiwa kali zaidi, na taa ya njano ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasigande unapofunga breki, ikawaka kwenye dashibodi na kugoma kuzimika.

Fundi wa miguu ya gari, yaani magurudumu na springi, aliyenitoa kwenye tatizo hili nilimpata Kimara kwa kuelekezwa na mwalimu mwenzangu. Hakuanza kwa kufungua kitu. Aliniomba twende barabarani, akaendesha yeye, na mahali pasipo na magari akawa anapinda usukani polepole kulia na kushoto. Tulipoelekea kulia mvumo ulizidi, tulipoelekea kushoto ulififia. Alinieleza kwamba gari likipinda kulia uzito hulalia upande wa kushoto, na beringi iliyochoka hulalamika inapoelemewa. Tuliporudi alizuia magurudumu ya mbele kwa mawe, akaachia breki ya mkono, akainua nyuma kwa jeki na kuegemeza gari kwenye vigingi vya chuma. Kisha akaniambia, "Dada, weka kiganja chako hapa kwenye springi, usiikaze." Yeye akazungusha gurudumu kwa mkono. Nilihisi mkwaruzo ukipanda kwenye vidole, kama mchanga unaosagwa ndani ya chuma, ilhali sikioni hapakuwa na kelele ya maana. Tulifanya vivyo hivyo upande wa kulia na springi ikatulia kabisa. Nilishika tena gurudumu lile bovu juu na chini nikalitikisa. Halikucheza hata kidogo. Hili nalitilia mkazo, kwa kuwa nilikuwa nimeambiwa mara mbili kwamba beringi isiyocheza ni nzima. Kuchezacheza huja mwishoni, beringi ikiwa imekwisha kabisa. Mkwaruzo huja mapema.

Habu ilipotoka, alinionyesha mgongo wake. Kwenye Vitz hii, beringi na habu ni kitu kimoja kilichofungwa kiwandani. Ndani mna safu mbili za gololi, grisi yake imewekwa humo ya kutosha umri wote wa kifaa, na mbano wa gololi umepimwa hukohuko kiwandani. Nyuma pana kifuniko kilichoshindiliwa, na katika kifuniko hicho ndimo ilimo sensa ya ABS inayopima mzunguko wa gurudumu, pamoja na tundu la plagi yake. Cha kwangu kilikuwa na makovu ya bisibisi ukingoni kote na kimebonyea upande mmoja, kwa kuwa wale wa gereji walikichokonoa ili wapitishe grisi, kisha wakakirudisha kwa nyundo. Ndiyo sababu ya ile taa. Grisi mpya yenyewe ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia na kuchanganyika na kutu. Grisi haiwezi kurudisha chuma kilichokwisha kumeguka kwenye njia za gololi. Inachofanya ni kuziba sauti kwa siku chache, na kwa shilingi 25,000 zangu nilinunua siku kumi na mbili za ukimya na sensa iliyovunjika.

Nilimuuliza maji yaliingiaje ilhali habu ina sili. Jibu lake lilinikumbusha masika, nilipovuka maji ya Jangwani yaliyofika katikati ya magurudumu baada ya mwendo mrefu. Habu iliyopata joto ikitumbukia ghafla kwenye maji baridi, hewa iliyomo ndani hunywea, na sili iliyozeeka huruhusu maji yavutwe ndani pamoja na tope. Mashimo na rasta za barabarani huzidisha, lakini maji ndiyo yaliyoanza.

Dukani nilikwenda naye, na ninashukuru. Muuzaji aliweka mezani habu mbili zilizofanana kabisa kwa mbele, zote na tundu nne za bolti. Ya kwanza shilingi 95,000, ya pili 145,000. Peke yangu ningechukua ya kwanza. Fundi alizigeuza: ile ya bei ndogo mgongo wake ulikuwa bapa, hauna tundu la plagi, yaani ni ya gari lisilo na ABS. Ingefunga vizuri, ingezunguka vizuri, na taa ingeendelea kuwaka. Tulichukua ya pili, ya KOYO. Kabla ya kulipa aliacha boksi pembeni na kusoma maandishi yaliyochongwa kwenye chuma chenyewe, kisha akaizungusha kwa vidole. Ilizunguka kwa uzito laini, bila kukwama na bila kukimbia. Alisema habu mpya inayozunguka kwa wepesi kama pia ya mtoto ni ya kutiliwa shaka. Niongeze kwamba KOYO ni mali ya kampuni ya Kijapani ya JTEKT tangu mwaka 2006, kwa hiyo mtu akikuta jina la JTEKT kwenye boksi asidhani ameuziwa feki kwa sababu hiyo tu.

Kazi ya kufunga ilichukua saa moja na nusu, na sehemu kubwa ya muda huo iliishia kwenye dramu iliyogoma. Badala ya kuigonga, fundi alikaza bolti mbili kwenye zile tundu mbili zenye uzi zilizopo usoni mwa dramu, nusu mzunguko huku na nusu kule, hadi ikajisukuma nje yenyewe. Vumbi la breki hakulipuliza kwa mdomo. Alilimwagia maji ya sabuni. Bolti nne zinazoshika habu hushika pia bati la breki, kwa hiyo alilifunga bati kwa waya ili lisininginie kwenye bomba la breki, na kwa kuwa bomba halikufunguliwa hatukuhitaji kutoa upepo kwenye mafuta ya breki. Habu ya zamani ilikuwa imeshikwa na kutu, akaipiga nyundo bila huruma kwa kuwa ni ya kutupwa, lakini mpya aliiingiza kwa mkono na bolti peke yake, baada ya kusugua kutu yote kwenye ekseli kwa brashi ya waya. Pigo moja la nyundo kwenye habu mpya huacha vidonda kwenye njia za gololi, na mvumo huanza upya tangu siku ya kwanza.

Dosari niliyoiona kwake ni moja, kwamba hakuwa na spana ya kupimia nguvu. Nilikwenda na ya shemeji yangu, na nati za gurudumu zilikazwa kwa mkingamo hadi Nm (nyutoni-mita) 103, kipimo ambacho Toyota imekiweka. Ufundi alinitoza shilingi 30,000. Taa ya ABS ilizimika tulipowasha gari upya na kwenda mwendo mfupi.

Tangu hapo nimekwenda takriban kilomita 19,000. Gari liko kimya kiasi kwamba sasa nasikia redio kwa sauti ya chini nikiwa kwenye 80, na masika nzima imepita juu ya habu hiyo. Bei ni ya kuuma kwa kipande kisichouzwa beringi peke yake, lakini kifaa chenyewe sina la kukilaumu.

Kuna wanaoshauri kubadilisha pande zote mbili kwa mpigo. Sikufanya hivyo, na bado naona nilikuwa sahihi, kwa kuwa upande wa kulia ulikuwa mzima na 145,000 ni fedha. Badala yake, kila ninapobadilisha oili namwomba fundi ainue nyuma nami naweka kiganja kwenye springi. Mwezi uliopita kulia nilihisi mkwaruzo mwembamba sana, ambao fundi mwenyewe alirudia mara tatu kabla ya kukubaliana nami. Habu ya pili nimeshainunua, yenye tundu la plagi, na tumepanga kuifunga Jumamosi ijayo.