Kompyuta za kulipia Ngamiani, Tanga: zinafaa kwa mwendo wa Counter-Strike 2?

Mabanda mengi ya gemu Ngamiani ni ya konsoli na mpira. Hili ninalolisema lina kompyuta, sh 2,000 kwa saa, na Counter-Strike 2 (CS2), gemu ya kufyatuliana risasi, imeshawekwa. Picha safi, gemu haigandi. Ukija kufyatua tu, panatosha. Ukija kufanya mazoezi ya mwendo, yaani kukimbia, kusimama na kuruka, kagua kibodi na mausi kabla hujatoa hela.

Kibodi nyingi pale ni za ofisini, na hizo ukibana vitufe vitatu kwa pamoja zinaweza kumeza kimoja. Shika W (mbele) na A (kushoto), kisha gonga Space (kuruka): mtu wako asiporuka, hama kiti. Za mekanika zipo chache, omba hizo. Moja imewashwa ile hali ya kufuta kitufe cha kwanza ukibana cha pili. Izimwe kabla hujaingia seva za Valve, wenye gemu, maana tangu Agosti 2024 msaada huo wa kibodi unakutoa kwenye mechi.

Kibodi ikiwa sawa, anza na breki ya A na D, yaani kusimama ghafla kwa kugusa kitufe cha upande wa pili. Ukiwa na AK-47 unakimbia yuniti (kipimo cha ndani ya gemu) 215 kwa sekunde, na risasi hainyooki mpaka kasi ishuke chini ya asilimia 34 hivi ya hiyo, yaani kama 73. Ukikimbia kulia kisha ukaachia D tu, unateleza kwanza. Achia D, gusa A kidogo, fyatua hapo hapo. Wengi hubana A huku D bado iko chini; vitufe vinauana, wanabaki wanateleza vile vile. Wengine wanaing'ang'ania A, wanaanza kukimbilia kushoto na risasi inatawanyika. Piga ukuta risasi moja moja: matundu yakiwa mbali na alama ya kulengea, umefyatua mapema au umechelewa kuachia A.

Kuruka mfululizo ndiko kunakoumbua mausi za pale. Andika bind mwheeldown +jump kwenye konsoli ya gemu, kile kidirisha cha kuandikia amri. Kigurudumu kinatuma amri nyingi za kuruka kwa haraka, moja inaangukia pale mguu unapogusa chini. Cha pale kimelegea: mara kinakosa kutuma amri, mara kinarudi nyuma. Njoo na mausi yako. Ukiwa hewani achia W, bana A huku mausi inakwenda kushoto, D ikienda kulia, taratibu. Ukivuta kwa pupa kasi inakufa. Kwenye mechi seva inabana kasi, hivyo usitegemee kupaa. Kwa kujifunza, fungua ramani peke yako uandike kwenye konsoli hiyo sv_cheats 1, kisha sv_enablebunnyhopping 1, inayoondoa kibano hicho cha kasi.

Intaneti? Pingi (muda wa data kwenda na kurudi) ya seva za Johannesburg haiharibu breki yako, kwani mwendo wako unaonekana kwanza kwenye mashine yako. Pakiti za data zikipotea njiani ndipo unavutwa nyuma, na jioni banda likijaa hilo hutokea.

Nyota tatu kati ya tano. Ukiwa na mausi yako, nne.