Unyusi wa Jeeves

Nimemaliza kuitazama Jeeves and Wooster kwa mara ya tatu, vipindi vyote 23, na bado nacheka palepale nilipocheka mwanzo. Ni tamthilia ya vichekesho ya Waingereza, iliyorushwa na kituo cha televisheni cha ITV kuanzia 1990 hadi 1993. Hugh Laurie ni Bertie Wooster, kijana wa London mwenye pesa na asiye na kazi. Stephen Fry ni Jeeves, mtumishi wake wa ndani, anayemwandalia chai na nguo na kumtoa kwenye kila balaa.

Kipindi cha kwanza kinatosha kukunasa. Bertie yuko hoi kwa pombe za jana, mlango unagongwa, Jeeves anaingia, ametumwa na wakala. Hangoji maelezo. Anamchanganyia dawa ya kuzimua, Bertie anaimeza, macho yanamtoka, kisha dunia inatulia. Kazi kashapata.

Kilichonishika zaidi ni lugha ya heshima. Bwana akitaka kuvaa koti lisilompendeza Jeeves, atajibiwa "ndiyo, bwana" ambayo sisi tuliolelewa kwa shikamoo tunaielewa bila mkalimani. Bibi yangu alikuwa nayo. Alikuwa akimjibu mjumbe wa mtaa, "Haya baba, tumesikia," na mjumbe anaondoka akijua hajakubaliwa kitu. Fry analifanya hilo kwa unyusi mmoja kupanda kidogo mno. Ukiinamia simu, limekupita.

Halafu mashangazi! Kiingereza kina neno moja tu kwa shangazi na mama mdogo, lakini Agatha na Dahlia ni dada za marehemu baba yake Bertie, mashangazi kamili kabisa. Agatha akiamua mtoto wa kaka yake aoe, hapo ndipo utamwona Bertie anavyotafuta mlango wa kutokea. Nyumbani kwetu hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Muziki ni wa Anne Dudley, na piano anaipiga Laurie mwenyewe. Kuna mahali anaimba Minnie the Moocher, wimbo wa Cab Calloway, Mmarekani mweusi, wa mwaka 1931. Anamtaka Jeeves aitikie kibwagizo, naye anaitikia kwa sauti ileile ya kukaribisha wageni, akimalizia na "bwana". Nimeirudia sehemu hiyo sijui mara ngapi.

Ila sikupenda kila kitu. Waigizaji wanabadilishwa ovyo. Dahlia peke yake kaigizwa na wanawake wanne, ukimzoea huyu analetwa yule. Kasha la diski nililonunua halikuwa na maandishi ya chini, na Bertie anaongea mbiombio, kwa hiyo tafuta lenye maandishi.

Kubwa kuliko yote liko msimu wa pili, ambapo wanaume wa Kizungu wanajipaka weusi usoni kujifanya waimbaji weusi. Hadithi ni ya miaka ya 1930, najua, lakini waliotengeneza walikuwa miaka ya 1990, na wangeweza kuliacha. Watu walioupenda wimbo wa Calloway kiasi kile walipaswa kuliona. Nilikuwa na dada yangu siku hiyo. Aliinuka kimya akaenda kuosha vyombo, nami nikazima. Siku tatu hatukuigusa. Ya nne ndiye aliyeniuliza, "Hivi Agatha alifanikiwa kumwoza yule kijana?"