Arubuni ya Norton: duka nililolipa sitalisamehe

Ninaandika haya nikiwa bado na hasira, ingawa Norton, kampuni ya Kiingereza ya kutengeneza pikipiki, ilikabidhiwa kwa wafilisi tangu tarehe 29 Januari 2020 na wengi waliopoteza fedha zao wameshanyamaza. Nguvu za injini, uzito na rangi zilizopo kila mtu anaweza kujisomea. Ninachotaka kieleweke ni jinsi mteja aliyelipa arubuni hapa Uingereza alivyopokewa siku alipokwenda kuuliza habari za fedha zake, kwa sababu kiwanda kufilisika ni msiba unaoweza kumpata yeyote, lakini kumdharau mteja ni jambo ambalo mtu huamua kulifanya.

Niliagiza pikipiki ya Norton aina ya Commando 961 kupitia duka moja ambalo sitalitaja. Nilitaka kulipa arubuni kwa kadi ya mkopo, maana sheria ya hapa inamlinda anayelipa hivyo: bei ya kitu ikizidi paundi 100 na isipite paundi 30,000, muuzaji akishindwa kukileta, benki iliyotoa kadi inawajibika pamoja naye. Muuzaji alikataa katakata. Alisema kwao arubuni hailipwi kwa kadi, na kwamba nikichelewa kuhamisha fedha kutoka benki, nafasi yangu katika foleni ingepewa mwingine. Nilihamisha, nikapewa risiti yenye jina la duka, anwani ya duka na muhuri wa duka. Jina la Norton lilionekana mahali pamoja tu, kwenye mstari unaoeleza aina ya pikipiki.

Habari za kufilisika zilipotangazwa nilikwenda dukani. Muuzaji ni yule yule aliyeninywesha kahawa siku ya kuagiza, akanizungusha pikipiki moja baada ya nyingine huku akinisimulia ushindi wa Norton katika mashindano ya kwanza ya pikipiki ya Isle of Man TT mwaka 1907. Safari hii hakunipa hata kiti. Nilipoiweka risiti mezani, aliisukuma kunirudishia kwa ncha ya kalamu, akasema fedha zilishapelekwa kiwandani, duka lilikuwa wakala tu, na mimi sasa ni mdai asiye na dhamana kama wadai wengine, basi niwaandikie wafilisi, kampuni ya uhasibu ya BDO. Nilimwonyesha muhuri. Hakuutazama. Kisha akaniambia maneno ambayo mpaka leo yananinyima raha: "Bwana, anayenunua Norton ni mtu anayeweza kupoteza kiasi kama hicho bila kulala njaa."

Nasema wazi kwamba huo ni uongo, na ni uongo unaowatukana watu wengi kuliko mimi. Miongoni mwa walioumizwa vibaya zaidi na Norton hiyo wamo watu zaidi ya 200 ambao fedha zao za pensheni ziliingizwa katika biashara za kampuni hiyo chini ya mmiliki wake, Stuart Garner. Mwaka 2022 Garner alikiri makosa mbele ya mahakama mjini Derby, akahukumiwa kifungo cha miezi 8 kilichoahirishwa, asiingie gerezani. Watu hao walikuwa wamejiwekea akiba ya uzee, wala pikipiki ya kifahari hawakuagiza. Wapo pia walioletewa pikipiki zao na bado hawakustarehe: wamiliki wapya wa Norton walipozikagua pikipiki aina ya V4 SS zilizotengenezwa Donington Hall, kiwanda cha kampuni ya zamani, walikuta kasoro 35 za usalama, na wenye nazo wakaambiwa wasiziendeshe. Mtu ameshalipa bei yote, pikipiki iko bandani inang'aa, naye haruhusiwi kutoka nayo barabarani. Huyo naye tumwambie hakulala njaa?

Kwa hasira hiyo nilikuwa nimekwisha kuapa kwamba jina la Norton halitaingia tena nyumbani kwangu. Kiapo hicho sikuweza kukitunza, kwa sababu Norton ilikuwamo nyumbani tayari. Nina Commando 850 ya zamani, ya ukoo ule uliozinduliwa mwaka 1967, na sijawahi kuendesha chombo kinachonituliza kama hicho. Ukishaipiga kiki ikawaka, injini hutikisika ndani ya fremu hadi madgadi ya mbele na gurudumu lake hutetemeka mbele ya macho yako, kama ng'ombe anayefukuza inzi kwa ngozi. Asiyeijua hudhani kuna bolti imelegea. Lakini injini haikufungwa moja kwa moja kwenye fremu kuu. Imeegemezwa kwenye mipira, na ikishapita mizunguko 3,000 hivi kwa dakika, mtetemo wote unatoweka, mikono haifi ganzi tena, na unaweza kwenda mwendo mrefu bila kuchoka. Kiwanda cha Donington Hall kilipofungwa, pikipiki hii haikukosa hata kipuri kimoja, kwa kuwa vipuri vya Commando za zamani hutengenezwa na kampuni nyingine, Andover Norton.

Ndiyo maana Aprili 2020 nilifurahi kusikia kwamba TVS ya India imelinunua jina la Norton pamoja na mali zake kwa paundi milioni 16. Baadhi ya wamiliki wenzangu hapa waliona ni fedheha pikipiki ya Birmingham kwenda mikononi mwa Wahindi. Mimi niliwauliza kama wamewahi kuiona TVS ikifanya kazi, na hawakuwa nayo kumbukumbu yoyote. Sisi tuliokulia Afrika Mashariki tunazijua: zimejaa vijiweni mwa bodaboda, zinabeba abiria wawili na gunia la mkaa juu ya barabara ya vumbi, na fundi wa chini ya mwembe anazimudu. Kampuni inayoweza kumridhisha dereva wa bodaboda, ambaye mlo wa wanawe unategemea pikipiki kuwaka asubuhi, ina cha kuwafundisha waliotengeneza V4 ile. Tena imejenga kiwanda kipya Solihull, jirani kabisa na Birmingham ambako James Lansdowne Norton alianzia mwaka 1898.

Lakini TVS ilinunua jina na mali. Madeni ya kampuni ya zamani yalibaki kwa kampuni ya zamani, na arubuni yangu imo humo, au imo dukani, kutegemea unamwamini nani. Mimi naamini imo dukani. Barua zangu mbili za mwisho hazikujibiwa, na sasa naandaa madai ya mahakamani dhidi ya duka hilo, hata kama gharama zitakaribia kiasi ninachodai.

Kuhusu Norton yenyewe, nilisema sitanunua, na wiki hii nimekwenda kuikalia Commando 961 ya Solihull katika duka jingine, mji mwingine. Nilipouliza habari za malipo, dada aliyenihudumia alisema kadi ya mkopo inakubaliwa. Nimemwomba aniwekee nafasi.