Filamu za vivuli za Lotte Reiniger: uzoefu wangu nikiwa fundi cherehani

Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, na kwa kuwa mchana kutwa nashinda na mkasi mkononi, sikutarajia kwamba filamu za katuni zingeweza kunishughulisha jioni. Mpwa wangu aliporejea kutoka masomoni Uingereza aliniletea diski za filamu fupi za mama huyu wa Kijerumani, na kwa sababu kompyuta yangu haina mahali pa kutia diski, akanihamishia zote katika flashi. Tulizitazama kwa jioni nne, mimi, mama yangu na watoto wa jirani, kwa projekta ya kuazima iliyomulika shuka jeupe tulilolitundika uani.

Reiniger alizaliwa Berlin mwaka 1899 na kufariki mwaka 1981. Yeye hakuchora wahusika wake, aliwakata. Kila mmoja ni karatasi ngumu nyeusi iliyotenganishwa kichwa, mkono, kiganja, paja na unyayo, kisha vipande vikaunganishwa kwenye viungo kwa waya mwembamba. Mhusika hulazwa juu ya meza ya kioo inayomulikwa kutoka chini, kamera ikimtazama kutoka juu. Husogezwa kidogo mno, hupigwa picha, husogezwa tena. Kwa kuwa sekunde 1 hupitisha picha 24, filamu ya dakika 10, ambao ndio urefu wa nyingi kati ya hizi, hupitisha picha 14,400 mbele ya macho yako.

Filamu yake ya Cinderella ya mwaka 1922 huanza kwa kuuonyesha mkasi wenyewe ukimtoa binti huyo kwenye karatasi, na hapo ndipo niliposogeza kiti. Katika picha nyingine zinazomwonyesha akiwa kazini, niliona jambo ambalo pengine mtazamaji asiye fundi atalipita: mkono wake wa kulia, wenye mkasi, hautembei, bali mkono wa kushoto ndio unaoizungusha karatasi. Sisi hufanya kinyume, kitambaa hulala mezani na mkasi ndio unaosafiri. Nilijaribu mtindo wake kwenye karatasi ya paterni na pindo la duara likatoka laini kuliko ninavyozoea, ingawa kwenye kitambaa cha kitenge sikuthubutu.

Wahusika hawa hawana nyuso. Mtoto mmoja aliuliza, "Bibi, mbona hawana macho?" na mama yangu akamjibu kwamba atazame shingo. Alisema kweli, maana furaha, unyonge na kiburi vyote vimewekwa katika namna kichwa kinavyoinama na kiwiko kinavyokunjika, na baada ya dakika mbili hakuna aliyeulizia macho tena.

Niliyoisubiri kwa hamu kubwa, na sababu haihitaji kuelezwa, ni ile ya fundi cherehani mdogo shujaa, ya mwaka 1954, iliyopata tuzo kwenye tamasha la Venice mwaka 1955. Fundi anaua nzi saba kwa pigo moja, anajishonea mkanda wa kujisifu, na dunia nzima inamwogopa. Watoto walicheka mpaka wakaomba irudiwe.

Kasoro ninayoilalamikia iko kwenye sauti. Hadithi alizozitengeneza London katika miaka ya 1950 kwa ajili ya televisheni zina msimulizi wa Kiingereza ambaye hanyamazi. Mtu anapanda ngazi, naye anatuambia kwamba anapanda ngazi. Ilinibidi nitafsiri, hivyo watoto wakawa na wasimulizi wawili juu ya picha ambayo haikuhitaji hata mmoja. Jioni ya tatu tulizima sauti kabisa, na mama akasimulia mwenyewe kwa namna yake, na Aladini akapata ami wa Pangani. Papageno ya mwaka 1935, ya mtega ndege kutoka katika opera ya Mozart, haina tatizo hilo kwa sababu inabebwa na muziki, na kwangu ndiyo iliyo bora kuliko zote: manyoya ya wale ndege yamekatwa kwa wembamba ambao mimi, kwa miaka yangu yote ya kazi, nisingeuahidi kwa mteja.

Kuna jambo jingine lililonikaa vibaya. Katika filamu yake ndefu ya mwaka 1926 ya Mwanamfalme Achmed, iliyotokana na Alfu Lela U Lela, mwovu mkuu anaitwa mchawi wa Kiafrika. Ustadi wa kumkata ni wa ajabu, vidole vyake vinatambaa kama mizizi, lakini nilipofika kwenye jina hilo nilisema "mchawi" tu, nikaendelea.

Atakayezitafuta asizitazame kwenye simu. Nilimjaribishia dada yangu yule mtega ndege kwenye kioo cha simu, na yale manyoya yote yakawa doa jeusi.