Kanzidata ya nyumba za kupangisha kwa LibreOffice Base: uzoefu wangu wa miezi 14

Mama yangu ana nyumba tatu za kupangisha jijini Dar es Salaam. Mbili ziko Temeke, kila moja ina vyumba sita vilivyotazamana na ukumbi katikati, na ya tatu iko Tabata, yenye vyumba vinne na fremu mbili za biashara upande wa barabarani. Kwa miaka mingi hesabu za nyumba hizo zote zilikaa ndani ya daftari moja kubwa la kaunta, ambalo lilikuwa na ukurasa mmoja kwa kila chumba, na ndani yake mistari kama “kalipa, bado 40” ambayo mama peke yake ndiye aliyejua maana yake. Nilipokabidhiwa kazi ya kumsaidia, nilidhani shida kubwa ingekuwa kusoma mwandiko, kumbe shida ilikuwa katika mpangilio wenyewe wa daftari.

Niliigundua siku fundi cherehani mmoja aliyepanga Temeke alipodaiwa kodi ambayo alikuwa ameshalipa. Alikuwa ameingia chumba namba 3 kwa mkataba wa miezi sita, akalipa shilingi 420,000 kwa mkupuo, kisha baada ya miezi miwili akaomba kuhamia chumba namba 5 chenye dirisha la uani. Malipo yake yakabaki kwenye ukurasa wa chumba namba 3, chini yake akaandikwa mpangaji mpya, na ukurasa wa chumba namba 5 ukaonekana mtupu. Alituletea stakabadhi aliyokuwa ameikunja ndani ya kitambulisho chake, akaiweka mezani bila kusema neno, na mama akamwomba radhi. Daftari halikuwa limekosea tarakimu hata moja, ila lilihesabu vyumba, ilhali deni la kodi hufuata makubaliano kati ya watu wawili.

Kabla ya kufika kwenye Base, programu ya kutengeneza kanzidata (yaani majedwali ya taarifa yaliyounganishwa), nilipitia njia mbili nyingine. Programu moja ya simu ya kulipia kwa mwezi ilikuwa nzuri kwa macho, lakini ilitengenezwa kwa kuamini kwamba kila mpangaji hulipa tarehe mosi ya kila mwezi, jambo ambalo kwetu ni nadra, kwa kuwa wengi hulipa miezi sita au mwaka mzima mbele, na wengine huigawa miezi hiyo sita mara mbili baada ya kubembelezana. Baadaye nikajaribu lahajedwali (programu ya hesabu za safu na mistari, kama Excel), na huko nikajifanyia uharibifu kwa mikono yangu mwenyewe: niliingiza namba za NIDA, yaani za vitambulisho vya taifa, za wapangaji wote kama tarakimu za kawaida, bila kujua kwamba lahajedwali hutunza kwa usahihi tarakimu 15 tu za namba, wakati namba ya NIDA ina tarakimu 20. Nilipofungua faili siku iliyofuata, tarakimu tano za mwisho za kila mpangaji zilikuwa sifuri. Ilinibidi nizunguke mlango kwa mlango kuomba vitambulisho upya, na si kila mtu alinipokea kwa tabasamu.

Base ni sehemu ya LibreOffice, furushi la programu za ofisi, hailipiwi, haihitaji intaneti baada ya kuisakinisha, na faili lake hukaa kwenye kompyuta yako. Wasomaji wa umri wangu huenda wanakumbuka Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la programu za ofisi za OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. LibreOffice ilichipuka kutoka OpenOffice hiyohiyo mwaka 2010, kwa hiyo si mgeni kabisa katika nyumba ya Kiswahili. Usakinishaji sitauelezea kwa kirefu, ila ujue kwamba ukitumia injini ya kanzidata inayokuja kama chaguo la kawaida, yaani HSQLDB, ni lazima kompyuta iwe na Java, programu saidizi ambayo injini hiyo huitegemea.

Kazi yenyewe haikuwa ya kompyuta. Jioni nne za kwanza nilikaa na karatasi na kalamu, nikijiuliza ni vitu gani hasa tunavyovitunza, na rasimu yangu ya kwanza ilirudia kosa lilelile la daftari: jedwali la vyumba lenye safu ya jina la mpangaji. Nilipojaribu kumhamisha yule fundi cherehani kwenye karatasi, nikaona kwamba nikifuta jina lake chumba namba 3, historia yake inafutika pamoja nalo. Ndipo nikaufanya mkataba kuwa na jedwali lake lenyewe. Sasa nina majedwali matano: NYUMBA, VYUMBA (fremu nazo nimeziita vyumba), WAPANGAJI, MIKATABA na MALIPO. Jedwali la vyumba halimjui mpangaji yeyote, wala la wapangaji halijui chumba chochote. Mkataba ndio unaowakutanisha, ukiwa na namba ya chumba, namba ya mpangaji, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha na kodi ya mwezi. Malipo nayo hayaelekezwi kwa mtu wala kwa chumba, bali kwa mkataba. Fundi akihama, mkataba wa kwanza unafungwa kwa tarehe halisi, wa pili unafunguliwa, na kiasi kilichobaki kinahamishwa kwa mistari miwili ya malipo, mmoja wa kutoa na mwingine wa kuingiza, ili yeyote atakayesoma baadaye aone kilichotokea.

Namba za NIDA na za simu safari hii niliziweka kama maandishi, kwa sababu hakuna anayezijumlisha, na namba ya simu ikigeuzwa tarakimu hupoteza sifuri yake ya mwanzo. Kisha nikaunganisha majedwali kwenye dirisha la mahusiano, na hapo Base ilinipa kitu ambacho daftari wala lahajedwali havikuwahi kunipa: ilinikatalia. Nilipojaribu kumfuta mpangaji aliyehama mwaka uliopita, ilileta ujumbe wa Kiingereza usio na adabu kwamba ninavunja masharti, kwa kuwa bado kuna mikataba yenye namba yake. Nilikasirika, kisha nikashukuru.

Mambo mawili ya nyumbani kwetu yalinilazimisha kulipanua jedwali la malipo. La kwanza ni kodi ya zuio. Fremu mojawapo ya Tabata imepangwa na kampuni, ambayo kwa utaratibu wa kodi inazuia asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA (Mamlaka ya Mapato), kisha inatupa hati ya uthibitisho. Kwa pango la shilingi 250,000 kwa mwezi, mkononi zinafika 225,000, lakini deni lililolipwa ni 250,000 kamili. Safu moja ya “kiasi” haitoshi. Nimeweka safu ya kilichopokelewa, safu ya kilichozuiwa na safu ya namba ya hati, na salio la mpangaji hukokotolewa kwa jumla ya zile mbili za kwanza.

La pili ni kodi ya majengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia luku, yaani umeme wa kulipia kabla. Anayewajibika kisheria ni mwenye nyumba, lakini anayekatwa ni yule anayenunua umeme. Nyumba zetu za Temeke zina mita moja moja, wapangaji wanachanga kwa zamu, na anayenunua wa kwanza katika mwezi ndiye anayekutana na makato ya shilingi 1,500. Zamani makato haya yalikuwa chanzo cha manung’uniko ya kudumu pale ukumbini, maana shilingi 1,500 si nyingi hadi uwe umekatwa wewe miezi mitatu mfululizo. Sasa mnunuzi ananitumia picha ya ujumbe wa luku, nami naiingiza kama malipo ya pango kwenye mkataba wake, aina yake ikiwa “makato ya jengo”. Mwisho wa mkataba inapunguzwa kwenye pango la kipindi kinachofuata.

Fomu za kuingiza taarifa ziliridhisha kuliko nilivyotarajia. Ninafungua mkataba juu, na chini yake fomu ndogo inaonyesha malipo yake tu. Mpangaji ninamchagua kwa jina kwenye orodha, wakati jedwali linahifadhi namba yake. Maulizo, yaani maswali unayoyahifadhi ili kanzidata iyajibu kila unapoyafungua, yanahitaji uvumilivu zaidi. La kwanza linaorodhesha mikataba inayoisha ndani ya siku 45, la pili wapangaji wenye salio la deni, la tatu vyumba vyenye mikataba miwili inayogongana tarehe. Hilo la mwisho niliandika kwa SQL, lugha ya kuuliza kanzidata, moja kwa moja, na nilipoteza jioni nzima kwa sababu majina ya safu yenye herufi ndogo ni lazima yafungwe kwa alama za kunukuu, la sivyo injini huyasoma yote kwa herufi kubwa na kudai kwamba hayapo.

Ripoti nisizisifie. Kupanga stakabadhi inayopendeza kulinichosha, hivyo ninapeleka matokeo ya ulizo kwenye Writer, programu ya kuandikia ya LibreOffice, na kuchapisha huko. Vilevile faili la namna hii ni la mtu mmoja kwa wakati mmoja, halifunguki kwenye simu ya mama, na mimi humtumia PDF kwa WhatsApp kila Jumapili. Mwenye vyumba 100 na wasaidizi watatu asianzie hapa. Mwenye vyumba 20 na jioni kadhaa za kujifunza atafaidi.

Hasara niliyoipata ni moja, na kosa ni langu. Katika mpangilio huu, unachoingiza hakijafika chote kwenye faili la diski hadi ubonyeze kuhifadhi. Nilikuwa nimeingiza malipo ya wapangaji tisa kwenye kompyuta ya mezani isiyo na betri, umeme ukakatika, na yote tisa yakapotea. Siku hizi ninahifadhi kila baada ya mpangaji mmoja, na kila Jumamosi nakala inakwenda kwenye flashi mbili, moja ikikaa kwa shangazi Kigamboni.

Daftari la kaunta halijafungwa. Mama anaendelea kuliandika, na Jumapili analinganisha na PDF yangu akiwa amevaa miwani yake. Mwezi wa tano alininyoshea kidole kwenye mpangaji wa chumba cha nyuma Tabata, ambaye mkataba wake ulikuwa umekwisha wiki mbili kabla bila kutokea kwenye orodha yangu ya siku 45. Nilikuwa nimeandika mwisho wa mkataba kuwa 2052 badala ya 2025. Nimeongeza ulizo la nne, linaloorodhesha kila mkataba unaozidi mwaka mmoja, na mama ndiye anayeniuliza kila Jumapili kama nimelifungua.