Kadi za geti, ofisi na kantini: ipi ununue, ipi uiache dukani

Ukienda Nasser Road, Kampala, kuagiza kadi za shule au za ofisi, utaulizwa mambo mawili: unataka ngapi, na nembo ikae wapi. Chipu iliyomo ndani hutajwa mwisho, au haitajwi kabisa. Juu ya meza zote ni sawa, plastiki nyeupe ya milimita 85.6 kwa 53.98, unene 0.76. Ndani ndiko zinakoachana, na ndiko pesa yako inakokaa au kupotelea.

Mwongozo huu ni wa anayenunua kadi kati ya 50 na 1,000 kwa geti, mahudhurio, milango, kantini au Sacco. Laini ya simu, kadi ya benki na pasipoti ya kielektroniki ambayo Uganda ilianza kuitoa Desemba 2018 zote zina chipu za ukoo huu, lakini hizo hupewi nafasi ya kuchagua. Yaka, umeme wa kulipia kabla, nayo tuiache: ile haina kadi, ni namba 20 unazobonyeza kwenye mita.

Kadi inajibu nini ikiulizwa

Kadi ya kugusisha haina betri. Kisomaji hutoa mawimbi. Kadi ikikaribia, antena iliyozungushwa ndani ya plastiki huyageuza mawimbi hayo kuwa umeme kidogo, chipu ikaamka na kujibu. Kadi za mawimbi ya 13.56 MHz (nafasi ya 1 hadi ya 3 hapa chini) zimeundwa kusomwa ndani ya sentimita 10 hivi, na kwenye kisomaji cha kawaida cha ukutani tarajia 3 hadi 5.

Jambo kubwa ni jibu lenyewe. Kuna kadi zinazojibu kama mtu anayepiga hodi: hutaja namba, basi. Aliyeisikia namba hiyo anaweza kurudi kesho na kupiga hodi kwa jina hilo hilo. Kundi la pili hupewa mtihani. Kisomaji hutuma namba ya kubahatisha, kadi huifumba kwa ufunguo wa siri ilio nao na kurudisha jibu. Ufunguo haupiti hewani, na safari ijayo mtihani ni mwingine, kwa hiyo jibu la jana halimfai mwizi.

Hapa ndipo wengi wanapoibiwa bila kujua. Wananunua kadi ya kundi la pili kwa bei yake, kisha wanafungiwa kisomaji kinachouliza namba ya chipu peke yake. Kadi ya ghali ikisomwa hivyo ni sawa na ya bei ya chini kabisa. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, muulize fundi: “Kisomaji hiki kinasoma namba ya chipu tu, au kinafungua faili ndani ya kadi kwa ufunguo?” Akisema namba tu, na hutabadilisha kisomaji, nunua kadi rahisi na uokoe pesa.

Nafasi ya 1: DESFire EV2 au EV3

Hii, chipu ya kundi la mtihani kutoka kampuni ya NXP, ndiyo ya Sacco, chumba cha seva, stoo ya dawa, na kantini inayoshika pesa. Inatumia AES, ufumbaji imara unaoaminika, wenye ufunguo wa biti 128, na huuzwa yenye kumbukumbu ya kilobaiti 2, 4 au 8. Ya 2 inatosha karibu kila mtu. Mwuzaji akikusukumia ya 8, muulize utaijaza na nini.

Uzuri wake mwingine ni kwamba kadi moja hubeba kazi kadhaa, kila moja na funguo zake. Mwenye kantini anaweza kufungua sehemu yake bila kugusa sehemu ya mlango. Na kwenye pesa ina adabu ambayo wengine hawana: salio jipya halihesabiki mpaka muamala ukamilike. Mwanafunzi akiinyakua kadi katikati ya kukatwa pesa, salio la zamani hubaki salama, haliandikwi nusu.

Kinachoharibika hapa ni usimamizi wa funguo. Kadi mpya hutoka kiwandani na ufunguo mkuu wa sifuri tupu. Fundi asiyeubadilisha amekuuzia kufuli nzuri na ufunguo wake ukaning'inia mlangoni. Andika kwenye mkataba kwamba funguo zimebadilishwa, kila kadi ina ufunguo wake uliozalishwa kutoka ufunguo mkuu, na ufunguo mkuu umekabidhiwa kwako katika bahasha iliyofungwa. Asipokupa, siku mkikosana huwezi kuongeza hata kadi moja bila yeye, na bei atapanga yeye.

Bei yake ni mara kadhaa ya kadi zinazofuata. Kama visomaji vyako ni vya Classic (nafasi ya 2) na huwezi kuving'oa vyote kwa mkupuo, uliza MIFARE Plus: huanza ikijifanya Classic, kisha hupandishwa hadi AES visomaji vipya vikishafungwa.

Nafasi ya 2: MIFARE Classic 1K

Ndiyo iliyojaa sokoni, na kwa mahudhurio ya shule yenye askari getini anayeangalia picha, inatosha. Ina baiti 1,024 zilizogawanywa sehemu 16, kila sehemu na funguo mbili. Ukitoa nafasi ya funguo na ya kiwanda, unabaki na baiti 752 za kuandikia.

Isitumike kulinda pesa. Ufumbaji wake, Crypto1, una ufunguo wa biti 48 tu. Watafiti waliufichua Desemba 2007, na mwaka 2008 wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, wakaonyesha namna ya kuuvunja. Mtengenezaji, NXP, alikwenda mahakamani kuzuia wasichapishe, akashindwa. Leo kifaa cha kunakili kinaagizwa mtandaoni, pamoja na kadi tupu zinazokubali kuandikwa namba yoyote ya chipu.

Nyingi zinazoitwa “Classic” dukani si za NXP bali ni chipu za Fudan za China. Zinafanya kazi. Ila mwaka 2024 mtafiti alifichua kwamba aina ya FM11RF08S ina ufunguo wa mlango wa nyuma, yaani wa siri unaofungua kadi bila funguo zako, ule ule kwenye kadi zote za aina hiyo. Kwa daftari la mahudhurio hilo si msiba. Kwa hoteli inayofungua vyumba kwa kadi, ni sababu tosha ya kupanda nafasi ya 1.

Nafasi ya 3: NTAG213

Ina baiti 144, na simu yenye NFC, uwezo wa kusoma kadi kwa kugusa, huisoma bila shida. Inafaa vitabu vya maktaba, vibandiko vya mali ya ofisi, kadi ya biashara inayofungua tovuti. Mlangoni, hapana.

Nafasi ya 4: kadi za 125 kHz

Hizi ndizo EM4100 na mwenzake TK4100. Ni za kundi la hodi, hazina siri yoyote, na kibandani cha kutengeneza funguo wanaweza kukutolea nakala kwenye kadi tupu ya T5577 kwa muda wa kunywa chai. Zimewekwa nafasi ya nne, hazikuachwa dukani, kwa sababu bado zina kazi: kuhesabu waliofika, geti la nje lenye mlinzi, mahali ambapo akiingia asiyehusika hakuna cha kubeba.

Zina usumbufu wa namba. Mgongoni huandikwa namba mbili, mfano 0012345678 na 188,24910. Ni namba moja kwa mahesabu mawili: 188 mara 65,536, jumlisha 24,910, unapata 12,345,678. Mfumo mmoja unataka ya kwanza, mwingine ya pili, na karani akiyachanganya nusu ya wafanyakazi “hawajafika”. Kwenye Wiegand ya biti 26, waya unaopeleka namba kutoka kisomaji hadi kidhibiti cha mlango, namba ya mwisho haizidi 65,535 na ya mbele haizidi 255, hivyo ukiagiza kutoka kwa wauzaji wawili unaweza kuletewa kadi mbili za namba moja. Omba orodha ya namba kabla ya kulipia shehena ya pili.

Za kuacha dukani

Utepe wa sumaku mgongoni: unanakilika kirahisi, unachubuka, unafutwa na sumaku ya mkoba. Kadi ya SLE4442 yenye chipu ya dhahabu ya kuchomeka: baiti 256, neno la siri la baiti 3, ukikosea mara tatu mfululizo haiandikiki tena. Inaonekana kama kadi ya benki, na hapo ndipo ufanano unapoishia. Kadi ya kuchomeka yenye nguvu kweli, ile ya Java Card, ni ya kuingilia kompyuta na kutia sahihi ya kidijitali. Kwenye geti la vumbi haidumu.

Jaribu sampuli tano kabla ya kulipa

Mulika kadi kwa tochi ya simu. Antena ya 125 kHz huonekana kama mviringo mnene wa waya, ya 13.56 MHz mara nyingi ni mistari michache inayofuata kingo. Kisha iguse kwa simu yenye NFC na programu ya TagInfo ya NXP. Simu isiposhtuka, huenda ni 125 kHz. Ikishtuka, programu itakutajia chipu, na kwa EV2 na EV3 itakuonyesha kama sahihi ya mtengenezaji ni halali. Kadi iliyoandikwa DESFire ikijitambulisha kama Classic, rudisha boksi zima.

Soma kadi hiyo hiyo kwenye visomaji vyote utakavyotumia. Vingine huisoma namba ya chipu kutoka mwanzo, vingine kutoka mwisho, na mfumo huona watu wawili tofauti.

La mwisho ndilo wauzaji hawalipendi: mwambie anakili kadi ya sampuli kwenye kadi tupu, kisha uijaribu mlangoni. Nakala ikifungua, umejua unachonunua, DESFire au siyo.

Tundu, printa na jua

Usitoboe kadi ya 13.56 MHz kabla ya kuimulika. Antena hupita karibu na ukingo, na tundu la kamba ya shingoni huikata. Kadi haitaonyesha jeraha lolote, itanyamaza tu. Kifuko cha plastiki ni nafuu kuliko kadi mpya.

Kadi nene za 125 kHz, za milimita 1.8 hivi, hazipiti kwenye printa ya kadi; huchapishiwa stika. Printa inataka zile za 0.76. Ribon nyingi za rangi hutoa kadi 200 hadi 300 za upande mmoja, hivyo kwa watu 650 hesabu ribon tatu au nne, na kadi 750 ili usirudi sokoni katikati ya muhula. PVC huanza kulegea kwenye nyuzi 75 hivi. Dashibodi ya gari lililoegeshwa juani hukaribia huko, kadi ikajipinda na antena ikaachana na chipu.

Kisomaji kisifungwe moja kwa moja juu ya geti la chuma. Chuma hula mawimbi, na sentimita 5 zinakuwa moja. Weka kipande cha feraiti (bamba linalokinga mawimbi yasiliwe na chuma) au kibao cha mbao nyuma yake.

Umeme na sheria

Kufuli ya sumaku ya kilo 280 hula kama nusu ampea kwa volti 12, na umeme ukikatika inaachia. Betri ya 7 Ah kwa hesabu ya karatasi huishikilia saa 14. Ukiongeza kisomaji na kidhibiti, na betri iliyozeeka, panga kwa saa 6 hadi 8. Kwenye stoo chagua kufuli inayobaki imefungwa umeme ukienda. Kwenye bweni fanya kinyume chake: watoto lazima waweze kutoka moto ukizuka.

Ndani ya kadi weka namba tu. Jina, tarehe ya kuzaliwa na simu ya mzazi vikae kwenye mfumo, kadi ikipotea visipotee nayo. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kukusanya taarifa za mtoto, kwa hiyo fomu ya idhini iende pamoja na fomu ya kujiunga. Na kantini ikitaka kadi ilipe hata duka la nje ya uzio, hapo umeingia kwenye Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Kitaifa ya 2020. Onana na Benki Kuu ya Uganda kabla ya kuchapa kadi ya kwanza.